Kutoka Tangi la Maji hadi Skrini: Historia ya Modeli za Kompyuta katika Uhandisi wa Mitambo

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo nchini Uganda, na Kiswahili ni somo langu la hiari. Mwalimu wetu alipotutaka kila mmoja aandike insha ya historia inayohusu fani yake, wenzangu walichagua reli, bwawa la Owen Falls, hata baiskeli za boda boda za mpakani Busia. Mimi nilikuwa na swali langu tayari, na sikulitoa kitabuni. Lilitokana na kipande cha chuma kilichovunjika.

Kikundi cha akina mama ambacho shangazi yangu ni mweka hazina wake kina mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa kwa injini ndogo ya petroli. Mkono wa chuma unaoshikilia injini ulikuwa umechakaa, nami nikajitolea kusanifu mwingine. Nilikuwa nimetoka tu kufundishwa programu ya modeli za pande tatu na nilikuwa na hamu ya kuitumia. Nikauchora mkono huo kwenye kompyuta, nikauzungusha kwa kipanya, nikautazama juu, chini na pembeni, nikaweka nguvu ya mkanda inayouvuta, nikabonyeza kitufe. Haikupita dakika mbili chuma changu kikajaa rangi: buluu karibu kote, kijani kidogo kwenye kona. Programu ikaandika kwamba mkazo mkubwa kuliko wote ni megapaskali 84. Chuma nilichokusudia kutumia huanza kukunjika bila kurudi kwenye 250 hivi. Nikaona niko salama karibu mara tatu.

Fundi wa kuchomelea pale Busia ni mzee kutoka upande wa Kenya, na Kiswahili ndicho tunachoelewana nacho. Aliitazama picha kwa muda, akaniuliza jambo moja tu: "Hapa kwenye kona, kijana, uliiweka na weldi yangu?" Nikamjibu kwamba kompyuta imeshazingatia yote. Haikuwa kweli, ila sikujua kwamba si kweli.

Siku ya kumi na mbili ya kazi mkono ulikatika. Puli iliruka na kutoboa ukuta wa mabati. Shangazi alikuwa ameinama kuokota gunia. Jioni ile hakunigombeza, na ningeona afadhali angenigomba. Aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, ile kompyuta yako ilisemaje?"

Sikuwa na jibu, basi nikaanza kusoma. Nilitaka kujua watu walianza lini kuiuliza kompyuta kama chuma kitavunjika, na ilikuwaje hata wakaiamini.

Nianze kabla ya kompyuta, na nianze karibu na nyumbani. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya abiria ya kwanza duniani inayotumia injini za jeti, Comet ya kampuni ya de Havilland ya Uingereza, iliondoka London kuelekea Johannesburg. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Yaani ndege hiyo, yenye namba G-ALYP, iliguswa na mikono ya wafanyakazi wa uwanja ambao mimi hupita karibu nao nikienda kumsalimia kaka yangu. Tarehe 10 Januari 1954 ndege ileile ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Comet nyingine ilianguka karibu na Naples tarehe 8 Aprili mwaka huohuo, wakafa watu 21.

Wahandisi wa Comet hawakuwa wazembe. Walikokotoa mkazo katika bati la kiwiliwili cha ndege kwa mbinu za wakati ule: kalamu, karatasi na rula ya kukokotolea. Lakini mbinu hizo zilitoa wastani wa mkazo katika eneo pana. Hazikuweza kusema ni nini hasa kinatokea sentimita moja kutoka kwenye kona ya dirisha. Kwamba tundu hukusanya mkazo ukingoni mwake lilikuwa jambo linalojulikana, Mwingereza C. E. Inglis alikuwa ameonyesha kwa hesabu mwaka 1913. Hata hivyo Inglis alikokotoa tundu la umbo la yai katika bati tambarare lisilo na mwisho. Ndege ina madirisha, milango, matundu ya antena, safu za ribiti, na bati lililopinda. Hakuna mlinganyo wa kalamu unaoweza kuyabeba hayo yote pamoja.

Kwa hiyo kampuni ilitegemea majaribio, na humo ndimo walimonaswa. Kipande cha kiwiliwili walichokijaribu kwa kukijaza na kukipunguza hewa mara nyingi kilikuwa kimekwisha kubanwa kabla yake kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida. Shinikizo hilo lilikilegeza chuma kwenye zile kona zenye mkazo, likakifanya kidumu muda mrefu kuliko ndege halisi. Jaribio lilisema ukweli juu ya kipande kile tu.

Baada ya ajali, wachunguzi wa Farnborough, wakiongozwa na Arnold Hall, walijenga tangi kubwa la maji na kuiingiza humo Comet nzima, mabawa yakiwa yametokeza nje. Wakawa wanajaza maji ndani ya kiwiliwili na kuyapunguza, mara moja kwa kila safari ya kuigiza, kwani ndege inapopanda juu huvimba kidogo na inaposhuka hunywea. Maji yalitumiwa kwa sababu hayalipuki kama hewa iliyobanwa. Kitu kikipasuka ndani ya maji unaweza kuona palipoanzia. Ndege hiyo ilikuwa imesafiri mara 1,221. Baada ya safari nyingine 1,836 za tangini, jumla 3,057, ilipasuka, na ufa ulianzia kwenye kona ya tundu lililokatwa katika bati. Huu ndio uchovu wa chuma: mzigo ambao chuma kinaweza kuubeba mara moja bila shida, kikiubeba mara elfu kinapata ufa.

Ninalitaja tangi hili kwa kirefu kwa sababu lilikuwa modeli, nzito na ya gharama, iliyotengenezwa kwa ndege yenyewe. Swali lililobaki mikononi mwa wahandisi wa kizazi kile lilikuwa kama mtu anaweza kuuona mkazo wa kona kabla hajawa na ndege ya kutosa majini.

Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa Atlantiki, kazi nyingine ilikuwa inaendelea. Sisemi kwamba moja ilizaa nyingine. Kampuni ya Boeing ya Marekani ilikuwa inahangaika na mabawa mapya, mapana na membamba, yenye umbo la pembetatu. Hesabu za zamani ziliyachukulia mabawa kama mihimili, mithili ya ubao uliotokeza ukutani. Bawa la pembetatu halina tabia ya ubao. M. J. Turner, aliyekuwa akiongoza kikundi cha kuchunguza mitikisiko ya ndege, alimpokea katika likizo za kiangazi za 1952 na 1953 mwalimu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aitwaye Ray Clough. Wazo walilofikia ni rahisi kulieleza: kama hujui bawa zima linavyopinda, likate katika pembetatu ndogo. Pembetatu moja ndogo mtu anaweza kuijulia. Ukivuta kona yake hii kwa nguvu fulani, zile kona nyingine zitasogea kiasi fulani. Halafu ziunganishe pembetatu zote tena kona kwa kona, ukisema kwamba kona zinazokutana lazima zisogee pamoja.

Shida ni kwamba kila kona huleta milinganyo yake, na milinganyo yote lazima itatuliwe kwa pamoja. Kona mia moja ni milinganyo mia mbili, hata kwa bati tambarare. Hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Mwanahisabati Richard Courant alikuwa amechapisha wazo la pembetatu mwaka 1943, lakini bila mashine ya kuzitatua lilikaa kama jembe lisilo na mpini. Makala ya Turner, Clough, Martin na Topp ilitoka mwaka 1956, na mwaka 1960 Clough ndiye aliyeipa mbinu hii jina lililobaki nalo hadi leo, ambalo kwa Kiswahili naweza kuliita mbinu ya elementi, elementi ikiwa ni kile kipande kimoja kidogo. Huko Ulaya John Argyris alikuwa akifuata njia inayokaribiana na hiyo, na mwaka 1967 Olgierd Zienkiewicz wa Swansea alitoa pamoja na Y. K. Cheung kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi vilijifunzia. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, katika miaka hiyo ya 1960 liligharimia programu ya elementi iliyoitwa NASTRAN, ili vituo vyake vyote vitumie mbinu moja. Jina hili tutalikuta tena.

Jambo moja lilinishangaza. Programu hizo za kwanza hazikuwa na picha. Mhandisi aliandika mwenyewe, kwa kadi za kutoboa, mahali pa kila kona: namba ya kona, umbali wa kulia, umbali wa juu, umbali wa mbele. Kisha aliandika kila elementi imeunganisha kona zipi. Majibu yalirudi yakiwa rundo la karatasi lenye safu za namba. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na kosa la kadi moja liliweza kuharibu siku nzima. Lakini mtu aliyeandika pembetatu mia tatu kwa mkono alizijua kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Aliamua mwenyewe wapi aweke nyingi na wapi achache. Mimi katika mkono wangu wa injini nilikuwa na elementi zaidi ya elfu sita, na sikuichagua hata moja.

Picha zilitoka katika mto mwingine kabisa. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa uzamivu wa chuo cha MIT, alionyesha programu iliyoitwa Sketchpad, ambayo mtu aliweza kuchora moja kwa moja juu ya skrini kwa kalamu ya mwanga. Mwenzake Timothy Johnson aliipeleka kwenye pande tatu mwaka huohuo. Ufaransa, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault walitafuta hesabu ya kueleza mistari iliyopinda ya bodi za magari, kwa kuwa mashine ya kukata chuma haielewi ukiiambia "pindisha kidogo hapa". Kampuni ya ndege ya Dassault ilianza mwaka 1977 kutengeneza programu iliyokuja kuitwa CATIA. Baadaye zikaja Pro/ENGINEER mwaka 1988 na SolidWorks mwaka 1995, hii ya mwisho ikiwa imekusudiwa kompyuta za kawaida za mezani. Huu ni ukoo mrefu wenye majina mengi, nami naupita haraka kwa sababu swali langu halihusu kuchora.

Linahusu siku mito hiyo miwili ilipokutana. Umbo lililochorwa likaweza kukatwakatwa na programu yenyewe, hesabu ikafanyika pasipo kuonekana, na majibu yakarudi yakiwa rangi juu ya umbo lilelile. Sitaki kuzibeza faida zake. Mwanafunzi asiye na tangi la maji, kama mimi, sasa anaweza kuuliza swali ambalo de Havilland nzima haikuweza kuliuliza. Ila katika kukutana huko, kuna kitu kiliondoka mbele ya macho ya mtumiaji: zile pembetatu.

Mfano unaonitisha kuliko yote ulitokea Norway. Mhandisi wa mitambo anaweza kusema kwamba zege si kazi yake, lakini programu iliyotumika ilikuwa ni NASTRAN ileile iliyozaliwa kwa ajili ya vyombo vya anga. Jukwaa la mafuta na gesi lililoitwa Sleipner A lilikusudiwa kusimama katika Bahari ya Kaskazini penye kina cha mita 82. Sehemu yake ya chini ilikuwa kundi la vyumba 24 vya zege vilivyoshikamana kama sega la nyuki, vinne kati yake vikipanda juu kuwa nguzo za kubeba sitaha. Vyumba viwili vikishikamana na cha tatu, katikati hubaki nafasi ndogo ya pembetatu. Nafasi hizo zilikuwa wazi juu, kwa hiyo maji ya bahari yaliingia humo na kuzisukuma kuta kutoka ndani ya pembetatu kuelekea vyumbani, ambako kulikuwa na hewa.

Tarehe 23 Agosti 1991 jukwaa hilo lilikuwa katika ghuba ya Gandsfjorden, karibu na Stavanger. Lilikuwa likizamishwa polepole, kwa makusudi, kama matayarisho ya kulivika sitaha yake. Lilipofika chini kiasi cha mita 65, sauti nzito ilisikika kutoka katika moja ya nguzo, na maji yakaanza kuingia kwa kasi ambayo pampu hazikuweza kushindana nayo. Watu waliokuwa juu yake waliokolewa wote. Zege lenyewe lilizama, likapasukapasuka kwa shinikizo la maji, na kishindo chake cha kugonga chini, kwenye kina cha mita 220, kilisajiliwa kama tetemeko la ardhi la ukubwa wa 3.0. Hasara ilikadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 700 hivi.

Uchunguzi ulirudi hadi kwenye ile nafasi ya pembetatu. Katika modeli ya kompyuta, kuta zake zilikuwa zimekatwa katika elementi chache mno na zilizovutwa vibaya umbo lake. Programu haikukosea kujumlisha. Ilitatua milinganyo iliyopewa, na milinganyo hiyo ilisema kwamba mkazo wa kukata katika kuta, yaani ule unaotaka kuuteleza upande mmoja wa ukuta juu ya mwingine, ni mdogo. Ulikuwa umepunguzwa kwa asilimia 47. Kwa kuifuata namba hiyo, kuta zilijengwa nyembamba kuliko ilivyohitajika, na nondo za mahali palepale hazikufungwa ndani ya kutosha. Baada ya ajali hesabu ilirudiwa kwa elementi nzuri zaidi, nayo ikasema kwamba ukuta utavunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye 65.

Nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikatoka nje. Mita tatu! Mbinu ileile iliyozamisha jukwaa ilikuwa na uwezo wa kutabiri kuzama kwake kwa usahihi wa namna hiyo, kama tu mtu angeiuliza vizuri. Na jukwaa hili halikuwa la kwanza la aina yake. Mengine yaliyolitangulia yalikuwa yamesanifiwa tangu miaka ya 1970 na yalisimama. Nadhani mafanikio hayo yalichangia kuwatuliza watu. Kitu kikisimama mara kumi, nani atahesabu upya pembetatu za kona?

Hatua waliyochukua Wanorway baadaye ndiyo niliyoipenda zaidi katika usomaji wangu wote. Jukwaa jipya lilihitajika haraka, na hesabu mpya za kompyuta zingechelewa. Wahandisi wakaamua kuanza usanifu kwa mbinu za enzi ya rula ya kukokotolea, walizokuwa wamezitumia kwa majukwaa ya mwanzo, wakiacha nafasi ya ziada kwa yale wasiyoyajua. Majibu ya kompyuta yalikuja usanifu ukiwa umekwisha fanyika, yakatumika kuukagua. Tarehe 29 Aprili 1993 zege jipya lilivikwa sitaha yake.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo yalikuwa mambo ya kompyuta za zamani, na kwamba leo tumeshapita hapo. Jibu langu ni ndege nyingine. Boeing 777 ndiyo ndege ya abiria ya kwanza kusanifiwa yote kwa kompyuta katika pande tatu, kwa kutumia CATIA. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 12 Juni 1994. Miezi saba baadaye, Januari 1995, kampuni iliyokuwa na modeli hizo zote ilichukua ndege nzima isiyokusudiwa kuruka, ikaifungia ndani ya jengo, ikayavuta mabawa yake kwenda juu hadi yakavunjika. Sheria ilitaka yahimili asilimia 150 ya mzigo mkubwa unaotarajiwa katika maisha yote ya ndege. Yalivunjika kwenye asilimia 154, yakiwa yamepinda zaidi ya mita 7. Kompyuta ilikuwa imesema kweli, na bado walikwenda kuvunja ndege ili wahakikishe. Gharama ya kuivunja ilikuwa sehemu ya gharama ya kuiamini ile modeli.

Sasa nirudi Busia.

Nilirudia hesabu ya mkono wangu wa injini nikibadilisha jambo moja tu: ukubwa wa elementi penye kona. Nilipozipunguza nusu, 84 ikawa 115. Nusu tena, 158. Nusu tena, 216. Niliendelea, na namba iliendelea kupanda. Nilikuwa nimeichora kona yangu kali kama wembe, na kwa hesabu mkazo katika kona ya namna hiyo hauna kikomo. Kadiri unavyochungulia karibu ndivyo unavyoongezeka. Kwa hiyo ile 84 haikuwa habari za chuma. Ilikuwa habari za ukubwa wa elementi ambazo programu ilinichagulia. Hata rangi zilikuwa zangu mwenyewe: nilikuwa nimeiagiza skrini ianzishe nyekundu kwenye 250, kisha nikafurahi kwamba nyekundu haipo.

Halafu weldi. Katika modeli, vipande viwili vilikuwa vimeungana kama chuma kimoja kilichomiminwa pamoja. Katika gereji, bati la milimita 8 lilishikwa na mstari mwembamba wa weldi upande mmoja tu, kwa kuwa upande wa pili niliuchora mahali ambapo mkono wa fundi haufiki. Nilichukua kalamu. Mkanda ulivuta kwa nyutoni 1,200 hivi, umbali wa milimita 150 kutoka kwenye kiungo. Katika bati hiyo ni megapaskali 54, ambayo si kitu. Katika weldi yenye unene wa milimita 2.8 ni 154. Injini inazunguka kama mara 3,000 kwa dakika, akina mama walifanya kazi saa 5 kwa siku, kwa siku 12: mitikisiko zaidi ya milioni 10. Comet ilipasuka kwenye 3,057. Hesabu yote ilijaa nusu ya ukurasa wa daftari na ilinichukua dakika kumi na tano, na ningeweza kuifanya kabla ya kukata chuma.

Nilikwenda kwa fundi nikiwa na daftari badala ya kompyuta. Nilimwambia, "Mzee, uliniuliza juu ya weldi nami nikakudanganya." Alicheka. Akasema hakuwa ananipima. Alitaka kujua kwa sababu pale kwenye kona ndipo kazi za watu wengi humrudia zikiwa zimepasuka. Mwaka mzima nimesoma juu ya uchovu wa chuma, na mtu mwenye orodha ya vyuma vilivyochoka alikuwa amesimama mbele yangu na miwani yake ya kuchomelea.

Mkono wa pili tuliusanifu wawili. Injini tuliisogeza ndani, ikawa milimita 90 kutoka kwenye kiungo. Tuliweka kipande cha pembetatu cha kuimarisha kona, na niliuchora upya ili weldi ipite pande zote mbili. Niliupitisha kwenye kompyuta pia, safari hii nikijaribu elementi za ukubwa wa aina nne na kusoma mkazo mbali kidogo na kona, mahali ambapo namba zilitulia. Kabla ya kuufunga kwenye mashine tuliuning'iniza mtini na kuutundikia magunia saba ya mchanga ya kilo 50, karibu mara tatu ya nguvu ya mkanda. Tuliuacha usiku kucha. Shangazi alidai kinga ya bati juu ya puli, ambayo tangu mwanzo ilipaswa kuwepo na sikuwa nimeiwaza kwa kuwa haikuwamo katika modeli.

Magunia hayawezi kuigiza mitikisiko milioni 10, na nilimweleza hivyo. Fundi akamfundisha njia yake: injini ikiwa imezimwa na kupoa, paka mafuta ya taa kwenye weldi, subiri, futa pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Shangazi hufanya hivyo kila Jumamosi kabla ya kuwasha. Amenunua pakiti ya chaki za shuleni na kuifunga kwa kamba kwenye mguu wa mashine. Msimu mmoja wa mahindi umepita. Kila Jumamosi hunipigia simu, huniambia chaki ni nyeupe, halafu huniuliza kama nimekula.